Jengo likijengwa upya, urithi hubaki wapi?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu ya Mji Mkongwe iliyoanguka siku ya Krismasi mwaka 2020, inasemekana itajengwa upya. Ikisimama tena itakuwa urithi, au itakuwa nakala tu ya kuwaonyesha wageni? Tena lipo jambo linaloniuma zaidi. Nyumba ya udongo ya bibi yangu ilibomolewa bila mtu yeyote kusema neno, ilhali ukuta wowote uliopasuka kule Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, unalindwa na dunia nzima. Nani aliyeamua hivyo?"

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, lakini mimi nayaona ni swali moja lililoingia kwa milango miwili. Katika yote mawili unataka kujua ni kitu gani hasa kinachorithiwa tunaposema kuwa jengo ni urithi: ni mawe na mbao zilizowekwa pale na watu wa zamani, ni umbo linaloonekana kwa macho, au ni ule ujuzi na yale makubaliano ya watu yaliyolifanya jengo lijengwe na litunzwe. Wataalamu wa hifadhi wamelijibu swali hilo kwa namna tofauti katika vizazi tofauti, na majibu yao ndiyo yaliyochangia sana kuamua nyumba ipi iwekewe kibao na ipi ipitiwe na tingatinga.

Tulitazame kwanza jengo lenyewe, kwa sababu historia yake inajibu nusu ya swali lako. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, si kwa ajili ya kulala bali kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa kama kuta za nyumba nyingine za Mji Mkongwe, lakini roshani zake pana zilibebwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizoletwa kwa meli, na ndani yake ilitumika mihimili ya chuma. Ndiyo maana kumbi zake ziliweza kuwa pana kuliko vyumba vya nyumba za kawaida, ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kisha zikaja taa za umeme na lifti, mambo ambayo watu wa mjini hawakuwa wameyaona mahali pengine, na jina la nyumba ya maajabu likakolea. Kwa hiyo hata ilipokuwa mpya kabisa, nyumba hiyo haikuwa ya "asili" kwa maana inayotumika siku hizi. Ilikuwa ya kisasa kupita majengo yote yaliyoizunguka, na mzee wa mwaka 1883 aliyependa mambo ya kale angekuwa na kila sababu ya kulalamika kwamba Sultani anauharibu mji.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga mizinga eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, iliyokuwa jirani, iliharibika isiweze kutengenezwa, na mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib ukabomoka. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa jengo, na ile sura ya Beit al-Ajaib iliyochapishwa kwenye maelfu ya kadi za posta ni sura ya baada ya vita hivyo, wala si sura aliyoiacha Barghash. Baada ya hapo Waingereza waliigeuza kuwa ofisi za serikali yao, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikatumika kwa shughuli za chama, na hatimaye ikawa makumbusho ya historia na utamaduni, mpaka ilipofungwa mwaka 2012 baada ya sehemu yake kuanguka. Mwaka 2015 sehemu nyingine iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati iliyofadhiliwa na Oman ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka na kuua watu wawili.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi. Mtu akisema jengo lirudishwe "kama lilivyokuwa", ni haki kumuuliza: kama lilivyokuwa lini? Mnara wa saa ni nyongeza iliyokuja baada ya mizinga, lakini hakuna Mzanzibari aliye hai aliyewahi kuiona Beit al-Ajaib isiyo na mnara huo, na wengi wetu tukifumba macho ni mnara huo tunaouona kwanza. Mjenzi akiuacha kwa kisingizio kwamba haukuwepo mwaka 1883, atakuwa amefuata tarehe akawapoteza watu.

Swali la kurudisha jengo lilivyokuwa liligawanya Ulaya tangu karne ya 19. Nchini Ufaransa, msanifu Viollet-le-Duc aliamini kwamba mtaalamu anayelielewa jengo la kale anaweza kulikamilisha hata pale ambapo wajenzi wa mwanzo hawakulikamilisha. Nchini Uingereza, mwandishi John Ruskin aliandika mwaka 1849 kwamba kazi ya namna hiyo ni uongo mtupu, kwa kuwa mkono wa fundi aliyekufa haurudi. Upande wa Ruskin ndio ulioelekea kushinda, na mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice walitoa hati iliyotawala fani yetu kwa miaka mingi. Hati hiyo inasema ukarabati ukome pale dhana inapoanza, nyongeza mpya itofautishwe na kazi ya kale, na katika magofu kujenga upya kusiruhusiwe, isipokuwa kuyarudisha mahali pake mawe yaleyale yaliyoanguka.

Ni hati yenye busara, nami nimefundishwa kwayo. Lakini iliandikwa na watu ambao wengi wao walikuwa wakifikiria marumaru ya Roma na makanisa ya mawe ya kuchonga. Jiwe la namna hiyo huweza kukaa miaka elfu likabaki jiwe lilelile. Nyumba yetu ya matumbawe haiko hivyo, na ya udongo ndiyo kabisa. Lipu ya chokaa huhitaji kurudiwa, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kila paa linapovuja, makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na ukuta wa udongo hukandikwa tena mvua ikishaupiga. Ukiupima uhalali wa nyumba hizi kwa kuhesabu ni vipande vingapi vimebaki vya mwanzo, nyumba iliyotunzwa vizuri itashindwa mtihani, na ile iliyotelekezwa ndiyo itakayofaulu, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kumiliki nyumba ya makuti angelicheka.

Wajapani ndio waliolilazimisha jambo hili lizungumzwe waziwazi. Hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja kilicho kando ya kile cha zamani, kwa mbao mpya na kwa ufundi uleule. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Kwa kipimo cha Venice hilo ni jengo la juzi, ilhali kwa Wajapani ni la kale mno, kwa sababu kinachopokezwa ni namna ya kuchagua mti, kuuchonga na kuuunga, na muda wa miaka 20 unamwezesha kijana aliyeshika patasi mara ya kwanza kuwa bwana wa kazi mara ya pili. Mwaka 1994 wataalamu walikutana katika mji wa Nara, Japani, wakakubaliana kwamba uhalisi wa jengo hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja kwa tamaduni zote, na kwamba mbali na mawe na mbao mtu anaruhusiwa kutazama pia umbo, matumizi, desturi, ufundi na hata roho ya mahali. Huo ndio mgeuko mkubwa kuliko yote katika fani yetu tangu nizaliwe, ingawa ofisi nyingi bado zinafanya kazi kana kwamba haukutokea.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano ulio karibu zaidi. Makaburi ya Kasubi, Kampala, wanakozikwa makabaka, yaani wafalme, wa Buganda, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwezi Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, yenye paa kubwa la nyasi, iliteketea kwa moto, na eneo hilo likawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lingekuwa jengo la kuhukumiwa kwa hati ya Venice peke yake, hadithi ingeishia kwenye majivu. Lakini kazi ya kuliezeka paa la makaburi hayo si ya mkandarasi yeyote, ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, na ukoo huo ulikuwa hai. Nyumba ilijengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Tena inafaa kukumbuka kwamba hata nyumba iliyoungua ilikuwa na nguzo za zege ndani yake, zilizowekwa katika matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 1938, na kuwepo kwa nguzo hizo hakukuwazuia Waganda kuiheshimu, wala hakukuizuia dunia kuitambua.

Sasa turudi Forodhani, kwenye Beit al-Ajaib, na hapa ndipo ninapotoa rai yangu. Beit al-Ajaib ikijengwa upya inaweza kabisa kuwa urithi, kwa masharti. La kwanza ni kwamba pasiwe na kubahatisha. Katika hili tuna nafuu kubwa, kwa sababu jengo hili limepigwa picha tangu lilipokuwa jipya, limepimwa na kuchorwa, na sehemu yake imebaki imesimama, kwa hiyo anayetaka kujua roshani ilishikwaje au tao lilipindaje ana pa kuangalia. Warsaw, Poland, ilijenga upya mji wake wa kale uliosawazishwa na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Pili, ikitumia michoro na picha za kale, na mji huo uliojengwa upya uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Daraja la Mostar, Bosnia, lililobomolewa vitani mwaka 1993 na kujengwa tena mwaka 2004, liliingizwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo mlango haukufungwa, na anayesema kila kilichojengwa upya ni bandia anasema jambo ambalo hata orodha yenyewe hailikubali.

Sharti la pili ni ukweli juu ya kilicho kipya. Sipendi jiwe jipya kupakwa rangi ya uzee. Sehemu iliyojengwa upya iungane na ya zamani kwa umbo na kwa kimo, lakini mtu akisogea aweze kuiona, na mahali fulani mwaka wa kazi uandikwe ukutani kama wazee walivyochonga tarehe juu ya milango yao. Pawe pia na chumba kinachoeleza siku ya tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili waliofia pale. Tukirudisha jengo linaloonekana kana kwamba halikuanguka kamwe, tutakuwa tumewafuta watu hao pamoja na kifusi.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa, nalo linahusu mikono ya mafundi. Niruhusu nieleze kidogo jinsi ukuta wa Mji Mkongwe unavyofanya kazi, maana watu wengi wenye nyumba huko wanaumizwa na kutolijua jambo hili. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi na limekunywa chumvi ya bahari. Chokaa iliyochomwa tanurini, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikalala, hutengeneza udongo wa kujengea ambao nao una vitundu, kwa hiyo unyevu unaoingia ukutani wakati wa masika hutoka polepole wakati wa kiangazi. Ukuta unapumua. Akija fundi wa siku hizi na kuupiga lipu ya saruji, anauziba pua. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kugeuka chembe zinazousukuma ukuta, na baada ya miaka michache lipu hudondoka kwa mapande ikiwa imeng'ang'ania uso wa jiwe. Wakati huo ncha za boriti zinakaa katika unyevu usiokauka. Kwa nje nyumba ilionekana imetengenezwa, kumbe ndani inaoza. Chuma nacho kina balaa lake karibu na bahari, kwa kuwa kikishika kutu huvimba, na kikivimba ndani ya ukuta hupasua kila kilichokizunguka.

Mtu atauliza kama basi saruji na zege vipigwe marufuku Beit al-Ajaib. Hapana. Nyumba hiyo ilizaliwa ikiwa na chuma, na kumdai mjenzi wa leo awe msafi kuliko mjenzi wa Barghash ni unafiki wa kitaalamu. Ninachokitaka ni kwamba kazi hiyo, ambayo ni nadra kupatikana kwa ukubwa wake, itumike kuwafundisha vijana kuchoma chokaa, kuipika, kuipiga na kuitunza, chini ya mafundi wazee wachache waliobaki. Jengo likisimama na vijana thelathini wameijua kazi, nyumba nyingine za Mji Mkongwe zitapata wa kuzitengeneza. Likisimama kwa mkono wa kampuni iliyokuja na watu wake na kuondoka nao, tutapata ukumbi mzuri wa makumbusho, nami nitaingia kwa furaha kuutazama, lakini sitauita urithi mpaka uanze kukusanya historia yake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya urithi kama tunavyoutafsiri kwenye nyaraka za kimataifa na urithi kama neno letu linavyosema. Neno hilo tumelitoa kwenye mirathi, na katika mirathi hakuna mali isiyokuwa na warithi, tena deni la marehemu hulipwa kabla ya mtu yeyote kuchukua fungu lake. Watu wa mwambao walikuwa pia na chombo kingine cha kuhifadhi majengo muda mrefu kabla ya sheria za mambo ya kale, nacho ni wakfu. Mwenye mali aliiweka nyumba au safu ya maduka kuwa wakfu kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi chake. Mali hiyo haikuuzwa wala kugawanywa, na pato lake lilianza kwa kuitengeneza mali yenyewe kabla ya kuwafikia wanufaika. Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe ilisimama kwa utaratibu huo. Wakfu haukujali kama boriti ni ileile ya mwanzo. Ulijali kama nyumba bado inatoa manufaa iliyowekewa, na kama yupo mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliuweka wakfu chini ya kamisheni ya serikali, na baada ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa zikapangishwa kwa kodi ndogo isiyoweza kununua hata chokaa ya ukuta mmoja. Siwalaumu waliopewa vyumba humo, kwani walihitaji pa kulala. Nasema tu kwamba nyumba zilipoteza mtu wa kuzikarabati miongo miwili kabla ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuundwa mwaka 1985, na zile zilizokufa katika kipindi hicho hazikuuawa na uzee.

Sasa nyumba ya bibi yako. Umeuliza nani aliyeamua, na jibu la kweli ni kwamba waliamua wengi, kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alimwachia mwenzake kipimo chake.

Wa kwanza walikuwa wapangaji miji wa kikoloni. Ng'ambo na Mji Mkongwe zilitenganishwa na hori la maji ya bahari, na jina la Darajani linakumbusha daraja lililokuwa juu yake. Hori hilo lilifukiwa, lakini mstari ukabaki kwenye ramani. Mpango wa mji ulioandikwa na H. V. Lanchester mwaka 1923, pamoja na kanuni za ujenzi za enzi hizo, uliutazama upande mmoja kuwa mji wa mawe na upande wa pili kuwa mji wa vibanda, kana kwamba hapakuwa na nyumba za udongo ndani ya mji wala nyumba za mawe nje yake, wala watu waliokuwa wakivuka kila siku kwenda kazini, msikitini na harusini. Mawe yakahesabiwa kuwa historia, na udongo ukahesabiwa kuwa tatizo la afya.

Wa pili ni sheria. Za Zanzibar zina njia yake, lakini mfano wa Bara unalionyesha jambo hili kwa uwazi wa kuchekesha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka kwamba jengo linalindwa lenyewe moja kwa moja ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine husubiri kutangazwa na waziri. Boma la Kale la Dar es Salaam, miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa ya mji huo, lilijengwa miaka michache baada ya mwaka huo. Maana yake mji mzima ulianguka nje ya mstari. Sheria hiyohiyo ililinda milango na miimo ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo mlango ungeweza kuwa na ulinzi ambao ukuta ulioushika haukuwa nao.

Wa tatu ni orodha ya dunia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000 kwa eneo la hekta 96, na ulistahili. Lakini orodha huhitaji mpaka, na mpaka ulichorwa palepale palipokuwa na mstari wa zamani. Sidhani waliouchora walikuwa na nia mbaya. Walitumia ramani waliyoikuta.

Ukichukua kipimo cha Nara, ambacho kinakubali desturi na matumizi, ni vigumu kuelewa kwa nini Ng'ambo ibaki nje. Huko ndiko Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiwa mfinyanzi, alikoifanya taarab kuwa ya Kiswahili na ya watu wa kawaida. Ni huko wakazi, waliomiliki nyumba zao za udongo lakini si ardhi iliyo chini yake, walikogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Redio iliyoyatangaza Mapinduzi ya 1964 ilikuwa Raha Leo, hukohuko Ng'ambo. Nyumba ya bibi yako, kama ilikuwa ya nguzo na fito zilizokandikwa, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto na ua nyuma, ilikuwa ya aina ambayo watu wa pwani waliisambaza kutoka mwambao mpaka Tabora na Ujiji, na kwa ueneaji wake imewahifadhi watu wengi kuliko majumba yote ya mawe yakijumlishwa.

Kuna uchungu mwingine humu ambao sipendi kuuficha. Nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa wakati wa Mzee Karume kwa mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na waliohamishwa waliyaona maghorofa hayo, au waliambiwa wayaone, kuwa fidia ya miaka yote ya kuitwa watu wa vibandani. Leo Michenzani yenyewe imepita umri wa nusu karne. Wapo wasanifu vijana wanaosema maghorofa yale ni urithi wa usasa wa Afrika, na wana hoja, kwani mwaka 2017 mji mzima wa Asmara, Eritrea, uliingizwa kwenye orodha ya dunia kwa majengo yake ya kisasa ya karne ya 20. Dar es Salaam ina soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, lenye mapaa ya zege yaliyofunguka kama miamvuli iliyogeuzwa. Lilipoungua mwezi Julai 2021 watu walilizungumzia zaidi kama mali iliyopotea, na ni wachache walioliomboleza kama usanifu. Nina hakika wajukuu wetu watalizungumzia kwa namna nyingine.

Kwa hiyo jengo lililoifuta nyumba ya bibi linaweza nalo kuwa urithi, na kumkubalia mmoja si kumkana mwenzake. Lililonitia moyo ni mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo wapangaji miji wa Zanzibar, wakishirikiana na jiji la Amsterdam na shirika la African Architecture Matters, walikusanya kumbukumbu za Ng'ambo pamoja na wakazi, wakaweka kwenye ramani mabaraza, misikiti, viwanja vya mpira na mahali pa ngoma, badala ya kuhesabu majengo ya zamani peke yake. Njia hiyo inafuata pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya miji ya kihistoria, linalotaka mji utazamwe mzima, pamoja na watu wake. Kuorodhesha si kulinda, najua, na bei ya kiwanja katikati ya mji ina nguvu kuliko ramani yoyote ya kumbukumbu. Lakini kisichoandikwa hakina hata nafasi ya kubishaniwa.

Umechelewa kuiokoa nyumba, hujachelewa kuiandika. Kaa na mama yako au na wajomba zako, uchore ramani yake kwa kukumbuka hatua: mlango mpaka ukumbini hatua ngapi, chumba cha bibi upande gani, kisima na jiko wapi uani. Andika majina waliyoviita vyumba, siyo majina ya kwenye michoro ya wasanifu. Uliza nguzo zilitoka msitu gani, udongo ulichimbwa wapi, na nani walialikwa siku ya kukandika, maana kazi hiyo ilifanywa na watu wengi kwa siku moja na kulikuwa na chakula. Tafuta picha za harusi, kwa kuwa watu hupiga picha bibi harusi na nyuma yake ukuta hujitokeza bila kukusudiwa. Peleka nakala moja Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, nyingine ubaki nayo. Na nyuma ya kila picha andika mwaka, hata wa kukisia, pamoja na jina la fundi aliyeezeka paa. Kama wazee wanalikumbuka jina lake la utani tu, andika hilo.